Pedali ya fazi uliyojitengenezea inasumbua: pima kwanza, chuma cha kulehemia kingoje

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi kijana wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alikuja kwangu na pedali yake ya gita ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo lilikuwa limetobolewa vizuri, jeki zimekaa sawa, swichi ya mguu imesimama katikati. Kazi ya mtu mwenye subira. "Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita hapa mkubwa wetu, "nimebadilisha transista zote mbili, nimebadilisha kapasita tatu, bado inalia kama mbu." Nikamuuliza betri ina volti ngapi. Hakuwa amepima. Na kolekta ya transista ya pili, mmoja wa miguu yake mitatu? Hiyo nayo hakuwa amepima. Tulipoweka multimita, dakika kumi hazikuisha tukampata mgonjwa: potensiometa (kile kitufe cha kuzungusha) ya 1k, yaani omu elfu moja, mguu mmoja umekatika ndani kwa ndani. Transista alizong'oa zilikuwa nzima, kapasita nazo nzima. Kilichoumia kweli ni kibao, maana njia mbili za shaba zilishabanduka kwa kuchomwa mara kwa mara.

Nasikia uchungu nikiona kibao kama kile. Hapa Lubumbashi transista nzuri unaipata kwa kuing'oa kwenye redio ya zamani, au kwa kumwagiza mtu anayesafiri, halafu unasubiri. Kifaa cha namna hiyo hakitupwi kwa kubahatisha. Multimita ya bei ndogo kabisa sokoni inatosha kukuonyesha tatizo lilipo, mradi ujue namba gani unazitafuta.

Kwanza, saketi yenyewe

Fazi ni ile sauti ya gita inayokwaruza na kujaa, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Wengi wetu tunaanza na saketi ya Fuzz Face, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1966 na kupata jina kubwa miguuni mwa Jimi Hendrix. Ina vipande kumi na kimoja tu: transista mbili, rezista nne, za 33k, 8.2k, 470 na 100k. Kapasita tatu, yaani mikrofaradi 2.2 mlangoni, mikrofaradi 22 kwenye potensiometa ya ukali, na nanofaradi 10 njia ya kutokea. Kisha potensiometa mbili, ya 1k kwa ukali na ya 500k kwa sauti.

Transista ina miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Ya kwanza, tuiite T1, inapokea gita kwenye beisi; ya pili ni T2. Kolekta yake inalishwa na 33k na imefungwa moja kwa moja kwenye beisi ya T2. Kutoka emita ya T2, rezista ya 100k inarudi nyuma hadi beisi ya T1. Kwa hiyo hizi mbili zimeshikana mikono: moja ikiugua, namba za mwenzake zinaharibika pia. Hapo ndipo watu wanapopotea. Wanaona T2 ina volti mbaya, wanaing'oa T2, kumbe mgonjwa ni T1.

Namba nitakazotoa ni za transista za silikoni aina ya NPN, betri ya volti 9, na masi (ardhi ya saketi) kwenye upande hasi. Za germanium nitazifikia.

Kabla hujafungua kopo

Chomeka gita moja kwa moja kwenye amplifaya. Kama ukimya au mngurumo bado upo, pedali haina kesi. Tafuta kwenye waya au kwenye gita. Kisha rudisha pedali peke yake, bila pedali nyingine mbele wala nyuma. Fazi ya namna hii inapenda kuongea na gita uso kwa uso. Ukiweka mbele yake pedali yenye saketi ya kusukuma sauti, inageuka kali na ya baridi, na kile kitufe cha sauti cha gita kinapoteza uwezo wake wa kuisafisha. Hilo si kosa la kulehemu.

Halafu kuna jeki ya kuingilia. Katika pedali nyingi ni jeki ya stereo, yenye miguu mitatu. Upande hasi wa betri umefungwa kwenye mguu wa kati, na plagi ya gita, kwa kuwa ni ya mono, ndiyo inayouunganisha mguu ule na masi. Bila plagi, pedali haina umeme kabisa. Nimeona mtu akipima pedali juu ya meza, hakuna kilichochomekwa, akapata sifuri kila mahali, akaanza kung'oa. Chomeka waya kwanza, ndipo upime.

Jeki hiyohiyo inaua betri kimyakimya. Saketi inakula karibu miliampia 1. Taa ya LED yenye rezista ya 4.7k inakula miliampia 1 na nusu, yaani zaidi ya fazi yenyewe. Betri ya kawaida ya bei nafuu ina kama miliampia-saa 400. Ukiiacha pedali imechomekwa na imewashwa baada ya ibada ya Jumapili, ni saa 168 hadi Jumapili inayofuata: mara 2.5 unapata 420. Utakuta betri imekufa, na utafikiri pedali imekufa. Chomoa plagi kila unapomaliza.

Kama unatumia adapta, angalia mchoro wa mviringo uliochapishwa juu yake. Pedali nyingi za dukani zinataka hasi katikati ya plagi, na adapta nyingi za nyumbani zina chanya katikati. Dayodi moja ya 1N4001 kwenye mlango wa umeme inazuia balaa hilo. Kama hukuiweka na umekwisha kuchomeka kinyume, shuku kapasita za elektroliti kwanza, ndipo transista.

Kimya kila upande, hata pedali ikiwa imezimwa

Ukikanyaga swichi na ukimya ukabaki uleule, fazi na njia ya pembeni (ile gita linapopita bila fazi) zote kimya, achana na transista. Tatizo liko kwenye jeki au kwenye swichi.

Swichi ya mguu ya miguu tisa ni safu tatu za miguu mitatu mitatu. Mguu wa kati wa kila safu unagusana na jirani mmoja. Ukikanyaga, unamhama na kumshika mwingine. Weka multimita kwenye mlio (alama inayolia ncha zake zikiungana) na uhakikishe hivyo kwa safu zote tatu. Makosa mawili hujirudia. La kwanza, swichi imegeuzwa robo mzunguko, kwa hiyo safu ulizodhani ni safu si safu. La pili, plastiki ya ndani imeyeyuka kwa joto. Lehemu mguu mmoja kwa sekunde mbili tatu, uache upoe, uende mguu wa upande mwingine.

Pedali inaimba kopo likiwa wazi, ukifunga kifuniko inanyamaza? Ncha ya jeki inagusa ukuta wa kopo. Plagi inapoingia ulimi wa jeki unasogea nje milimita kadhaa, na wewe ulipima nafasi bila plagi. Kipande cha katoni au utepe wa umeme ndani ya ukuta kinamaliza kesi.

Njia ya pembeni inapita, fazi iko kimya au inalia kama mbu

Hapa ndipo multimita inapofanya kazi yake. Iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, ngazi ya 20. Waya mweusi kwenye masi, usiutoe. Waya mwekundu unatembea. Andika namba nne kwenye karatasi kabla ya kufikiri chochote. Pedali yenye afya inasoma hivi: beisi ya T1, 0.6; kolekta ya T1, 1.3 au 1.4, emita ya T2, karibu 0.7, kolekta ya T2, karibu 4.5, nusu ya betri.

Kama zote ni sifuri, umeme haufiki. Rudi kwenye jeki na betri.

Kama kolekta ya T2 inasoma 9 nzima, angalia kolekta ya T1 kabla ya kuhukumu. Ikiwa kolekta ya T1 iko 0, basi T2 hailishwi. Labda rezista ya 33k haijashika upande mmoja, labda tone la risasi limeunganisha kolekta ya T1 na masi, labda T1 imeungana yenyewe ndani. Toa betri, pima kwa mlio kati ya kolekta na masi. Mara nyingi ni tone la risasi. Pitisha ncha ya kisu kati ya njia za shaba na usafishe kwa mswaki mkavu.

Lakini ikiwa kolekta ya T2 inasoma 9 na ile ya T1 iko vizuri kwenye 1.3, hii ndiyo hali ya kijana wa Katuba. T2 haina njia ya kupeleka mkondo kwenye masi. Njia yake pekee ya maana ni potensiometa ya 1k. Imekatika, au mguu wake wa masi haukulehemiwa. Ule mkondo mdogo sana unaopita kwenye 100k unatosha kuiweka T1 macho, ndiyo sababu T1 inaonekana nzima na kukudanganya kwamba T2 ndiyo iliyokufa. Zima, pima potensiometa kutoka mguu wa pembeni hadi mguu wa pembeni: ikisoma 1k ni nzima, isiposoma kitu imekatika.

Hali ya tatu: kolekta na emita za T2 zinasoma karibu namba moja, 1.1 na 1.2, na kolekta ya T1 imepanda hadi 1.8 hivi. T2 imefunguka hadi mwisho kwa sababu T1 imelala. Uliza nani anatakiwa kuiamsha T1: ile 100k. Angalia kama imeshika pande zote mbili, na kama kweli ni 100k. Mstari wa njano wa 100k na mstari wa machungwa wa 10k ni rahisi kuchanganya chini ya taa ya simu. Kisha shuku kapasita ya 2.2. Ikiwa ya zamani na inavuja, au imewekwa kinyume, umeme mdogo wa beisi unatorokea kwenye koili za gita. Kuna jaribio zuri la hili: acha plagi kwenye pedali, chomoa upande wa gita tu. Volti zikirudi mahali pake, kapasita ndiyo mwizi. Katika saketi ya NPN upande wake chanya unatazama beisi ya T1.

Hali ya nne si ugonjwa. Kolekta ya T2 inasoma 2.9 au pungufu, pedali inafanya kazi lakini nota inakatika mkiani, inakohoa badala ya kufifia. Piga hesabu: emita ya T2 ina 0.7 juu ya 1k, basi mkondo ni miliampia 0.7. Mkondo huo unapita kwenye 8.2k na 470, jumla 8.67k, unapoteza volti 6. Tisa toa sita, tatu. Transista za silikoni za leo kwenye rezista ya 8.2k zitakupeleka hapo, hata kama umelehemu kama fundi wa saa. Dawa ni kuondoa 8.2k na kuweka potensiometa ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, ya 10k. Izungushe hadi kolekta isome 4.5, kisha usikilize. Masikio yana haki ya mwisho hapa. Wako wanaoupenda ule mkato wa nota na wanauacha kwa makusudi, na mimi siwezi kuwaambia wamekosea: sauti hii ilipendwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kifaa cha studio kuharibika huko Nashville wakati wa kurekodi, wakaacha kosa lisikike.

Kama namba zote nne ni nzuri na bado kuna ukimya, umeme haudaiwi chochote. Sauti ndiyo imepotea njiani. Tengeneza waya wa kusikilizia: chukua waya wa zamani wa gita, kata ncha moja, funga masi yake kwenye masi ya pedali, na kwenye waya wa ndani lehemu kapasita ya nanofaradi 100. Upande wa pili chomeka kwenye amplifaya, sauti chini. Mwambie mtu apige gita, wewe gusa kwa zamu: beisi ya T1, kolekta ya T1, kolekta ya T2, kisha pale 470 inapokutana na 8.2k (huko sauti itakuwa ndogo zaidi, usishtuke), kabla na baada ya kapasita ya 10, mguu wa kati wa potensiometa ya sauti, swichi, jeki. Mahali sauti inapokatika ndipo penye tatizo. Sijui kazi tamu kuliko hii katika ufundi wote wa pedali, hasa ukiwa na mdogo wako pembeni anayejifunza na anasikia mwenyewe sauti ikigeuka kutoka gita tupu hadi fazi ndani ya sentimita mbili za kibao.

Ukali hauna kazi

Ukizungusha potensiometa ya ukali na hakuna kinachobadilika, namba nne zikiwa nzuri, kapasita ya 22 haijashika au mguu wa kati wa potensiometa hauendi kokote. Kapasita hiyo ndiyo inayompa T2 nguvu. Bila yenyewe unabaki na sauti ndogo, karibu safi.

Miguu ya transista

Hili peke yake limepoteza pedali nyingi kuliko joto la chuma. Transista zinafanana uso, miguu haifanani. Shika transista upande bapa ukikutazama, miguu chini, soma kushoto kwenda kulia. BC547 na BC549: kolekta, beisi, emita. 2N3904: emita, beisi, kolekta, kinyume chake. C945 na C1815, zile unazozikuta kwenye redio na televisheni za zamani: emita, kolekta, beisi. Ukitoa BC547 na kutia C945 kwenye matundu yaleyale, hata beisi haiko mahali pake.

Na transista iliyogeuzwa kolekta kwa emita hainyamazi kabisa. Inafanya kazi kwa unyonge, ukuzaji wake unashuka sana. Kwa hiyo dalili ni "inaimba lakini haina nguvu", na mtu anaanza kulaumu betri.

Usiamini kumbukumbu wala picha. Weka multimita kwenye alama ya dayodi. Tafuta mguu mmoja ambao, ukiwa na waya mwekundu, unasoma 0.6 au 0.7 kwa wenzake wote wawili. Huo ni beisi, na transista ni NPN. Katika zile namba mbili, iliyo kubwa kidogo ni ya emita. Ukipata mguu unaosoma hivyo kwa waya mweusi, ni PNP. Ukisoma 0.2 au 0.3, umeshika germanium, ifunge vizuri kwenye karatasi, ni mali.

Germanium, na joto la mwezi wa kumi

Fuzz Face za kwanza zilikuwa za germanium, aina ya PNP. Sauti yake ni laini zaidi na inasafika vizuri ukipunguza sauti kwenye gita. Na kwetu jina hilo si geni. Mawe ya Kipushi, kilomita thelathini hivi kutoka hapa mjini, yana germanium, na ule mlima mweusi wa terril (mabaki ya kuyeyusha madini) tunaouona kila siku karibu na bomba refu la moshi unayo pia. Mwaka 2024 STL, kampuni iliyo chini ya Gécamines, shirika la madini la serikali, ilianza kupeleka germanium ya mlima huo Ubelgiji, kwa Umicore. Kila nikishika transista ya zamani yenye kofia ya chuma naufikiria mlima ule.

Germanium inavuja, na uvujaji unaongezeka kwa joto, karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10. Sasa weka hilo kwenye mji wetu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi unavaa koti. Mwezi wa kumi mchana unapita nyuzi 30. Pedali uliyoipanga vizuri Julai usiku inaweza kukohoa Oktoba mchana, na hakuna kilichoharibika. Kama dalili yako inakuja mchana na kuondoka usiku, au inaanza baada ya pedali kukaa juani, usiguse chuma. Weka pedali mahali pa baridi nusu saa, upime tena. Potensiometa ndogo ya bisibisi uliyoweka badala ya 8.2k ndiyo itakuokoa: irekebishe kwa msimu. Ukiweza, toboa tundu dogo kwenye kopo ili bisibisi ifike bila kufungua.

Kabla ya kuilehemu germanium, pima uvujaji wake. Emita kwenye chanya ya betri, kolekta kwenye rezista ya 2.2k kwenda hasi, beisi hewani. Pima volti juu ya rezista. 0.22 maana yake mikroampia 100, sawa. Ikifika 0.66 ni 300, mimi siiweki kwenye T1. Shika kofia ya transista kwa vidole ukiwa unasoma: utaona namba inapanda kwa joto la mkono wako tu. Ndiyo maana pia, unapolehemu, bana mguu kwa koleo ndogo kati ya chuma na mwili wa transista.

Tahadhari moja kubwa. Katika saketi ya PNP ya zamani, masi ni upande chanya. Volti zako zote zitasomeka na alama ya kutoa. Kolekta ya T2 bado inatafuta nusu ya betri, kapasita zote za elektroliti zinageuka. Na pedali hiyo haiwezi kushiriki adapta moja na pedali za kawaida. Nyaya za gita zinaunganisha masi zote, chanya ya huyu inakutana na hasi ya yule, na adapta inakuwa imeungwa mwanzo kwa mwisho. Ipe betri yake.

Mngurumo

Fazi inakuza kila kitu, na mngurumo nao umo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na sikio la mpiga gita linaweza kutambua chanzo. Piga waya wa sita, freti ya tatu: hiyo ni sol, hezi 98. Kama mngurumo unakaa karibu na nota hiyo, juu kidogo, ni hezi 100: adapta haijachuja vizuri. Weka betri, ukitoweka, kesi imekwisha. Kama uko oktavu nzima chini ya hapo, ni hezi 50 zinazoingia kwa hewa: kopo halijaungwa na masi, waya wa kuingilia umepita kando ya waya wa umeme, au gita lenyewe halina kinga. Gusa nyuzi kwa mkono. Ukipungua, anza na gita.

Mlio mwembamba wa juu, unaobadilika, unatoka kwenye vigeuza umeme: inveta ya sola, au kile kisanduku kinachopandisha volti 5 za chaja ya simu hadi 9. Umeme ukikatika tunavitegemea, nakubali. Kwa fazi, betri.

Redio ndani ya gita

Ukisikia mhubiri au tangazo la sabuni katikati ya solo, makutano ya T1 yanafanya kazi ya redio ya zamani. Fupisha waya kati ya jeki na kibao, tumia wenye kinga, na lehemu kapasita ya pikofaradi 100 kati ya beisi na kolekta ya T1. Funga kifuniko cha kopo, maana kopo wazi ni antena.

Potensiometa inayokwaruza ukiizungusha ni vumbi tu, na vumbi letu jekundu linaingia popote. Spirit kidogo, zungusha mara ishirini. Isipopona, ile ya ukali izungushe huku ukipima volti ya kolekta ya T2: volti haitakiwi kusogea. Ikisogea, ukanda wa ndani umechakaa, au kapasita ya 22 inavuja.

Nyumbani inanguruma, kanisani imekuwa nyembamba

Wengi wetu hatuna amplifaya ya gita mahali pa kupigia. Tunachomeka kwenye mikseri ya sono (vyombo vya sauti vya ukumbini), na hapo pedali nzuri inaonekana mbovu. Kapasita ya kutokea ni nanofaradi 10. Mbele ya amplifaya ya gita, yenye mlango wa megaomu 1, inakata sauti za chini ya hezi 50 hivi: huoni upungufu. Mbele ya mlango wa mikseri wa 10k, kapasita hiyohiyo inaanza kukata kuanzia hezi 1,600 kwenda chini. Karibu gita lote limo humo! Tumia kisanduku cha DI (kinachokaa kati ya pedali na mikseri), au mlango wa mikseri ulioandikwa kuwa ni wa gita. Pia spika za sono hazikati sauti za juu kama spika ya gita inavyofanya kuanzia karibu hezi 5,000, kwa hiyo mwambie papa wa sono apunguze sauti za juu kwenye mkondo wako, kwa heshima, kabla ya ibada na si katikati.

Kuhusu akodi: fazi ikipewa nota mbili inazizalisha nyingine, jumla na tofauti zao. Nota ya mizizi na ya tano zinabaki imara. Ukiongeza ya tatu, matope. Na yule anayepiga kwa kidole gumba na cha shahada, sauti mbili zinazotembea pamoja, mtindo ambao Mwenda Jean Bosco aliurekodi Katanga mwaka 1952 hadi dunia ikausikia, asitegemee fazi iuheshimu. Pedali haina kosa. Kanyaga swichi, izime, piga vidole vyako, uiwashe tena kwenye solo.

Yule kijana alirudi Katuba na potensiometa mpya ya 1k, na waya mwembamba wa shaba tuliouunga pale njia zilipobanduka. Ndani ya kifuniko cha kopo tuliandika kwa kalamu ya wino mzito: 0.6, 1.3, 0.7, 4.5, mwezi wa kumi, mchana.